Rundo la CV halina bei tena

Haya ni maongezi niliyotoa kwa mawakala wenzangu wa ajira hapa Dar es Salaam, kuna walioomba niyaandike, basi nimeyaandika kama nilivyoyaongea.

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu hamjambo, na wa rika langu mambo vipi. Sina slaidi, nina karatasi moja tu yenye namba, na namba ya kwanza naamini wote humu ndani mnaikumbuka.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 TRA, mamlaka yetu ya mapato, walitangaza nafasi 1,596. Maombi yaliyoingia yalikuwa 135,027. Gawanyeni wenyewe, ni kama watu 85 wanagombea kiti kimoja. Na kabla mtu hajasema ah hiyo ni TRA bwana, kazi ya serikali kila mtu anaitaka, kumbukeni Juni 2014 Uhamiaji walipoita usaili pale Uwanja wa Taifa, watu zaidi ya 10,000 wamejaa majukwaani, vijana wamevaa suti za kuazima, wameshika bahasha za kaki, na nafasi zilikuwa 70. Majirani zetu Kenya nao hivyo hivyo, mwaka 2024 takwimu zao zilionesha ajira mpya 782,300 lakini 703,700 kati ya hizo ni za sekta isiyo rasmi, yani mama wa genge, fundi wa gereji ya chini ya mti, kijana wa bodaboda. Ajira rasmi, hii ambayo mimi na wewe ndo tunaishi kwayo, ni kidogo sana ukilinganisha na watu wanaoisubiri.

Sasa kwanini naanza na hili? Kwa sababu wengi wetu tukisikia watu 135,027 tunaona ni neema, tunasema wakala hawezi kukosa kazi kwenye nchi yenye watafuta kazi wengi hivi. Mimi nasema ni kinyume chake na ndo jambo lililonileta hapa mbele.

Nilivyoanza hii biashara faili la CV ndo lilikuwa mtaji. Kabati la chuma, droo nne, wahasibu huku, madereva kule. Mteja anapiga simu asubuhi anataka mhasibu, mchana nimeshampelekea CV kumi kwa bodaboda, wiki mbili baadae nimelipwa mshahara wa mwezi mmoja wa huyo mhasibu na maisha yanaenda. Leo HR, yani afisa wa ajira, wa yule yule mteja akiweka tangazo LinkedIn, au akaliweka tu kwenye status yake ya WhatsApp, mpaka jioni ana CV 600 kwenye simu. Huyo hahitaji mtu wa kumletea ya 601. Anachohitaji, na hapa ndo nawaomba mnisikilize vizuri, ni mtu wa kumwambia katika hawa 600 nani ni mkweli na nani anaijua kazi. Rundo halina bei tena ndugu zangu. Uhakika ndo una bei.

Na uhakika umekuwa mgumu kuliko zamani. Aprili 2017 ulipofanyika uhakiki wa vyeti serikalini walikutwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na hao walishapita kwenye usaili wakaajiriwa, wengine miaka na miaka wanapokea mshahara. Kama serikali yenye NECTA, baraza lake la mitihani, ilipigwa hivyo, duka la vifaa vya ujenzi pale Buguruni litapona? Alafu sasa imeingia hii akili mnemba. Mwezi uliopita nimepokea CV za vijana watatu, wamesoma vyuo vitatu tofauti, kozi tatu tofauti, na aya ya kwanza ni ile ile neno kwa neno. Mi siwalaumu kabisa hao vijana. Mtu ambaye Kiingereza kinamsumbua lakini mahesabu anayafunga vizuri, akipata kitu cha kumwandikia CV nzuri, ni haki yake, wenzake wa shule za gharama siku zote walikuwa na mjomba wa kuwaandikia. Ila sisi tukubali tu kwamba karatasi imeacha kutuambia chochote. Barua ya maombi nayo imekufa. Kama bado unachuja watu kwa kusoma nani kaandika vizuri basi unachagua nani ana bando.

Ofisini kwangu tunafanyaje? Cheti cha form four tunaangalia kwa namba ya mtihani, hiyo mnaifanya wote. Wadhamini ndo watu wanapolala. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye CV siipigi. Natafuta namba ya ile kampuni mwenyewe, naomba niunganishwe na stoo au na uhasibu, naongea na mtu aliyekaa meza moja na huyu, maana bosi atakwambia alikuwa mtu mzuri lakini mwenzake atakwambia alikuwa anafika saa ngapi. Alafu jaribio la mikono. Mhasibu anawekewa daftari la fedha la mwezi mmoja na taarifa ya benki, akae apatanishe, mimi nimeshaingiza makosa mawili humo ndani. Dereva wa Fuso tunatoka nae, kuna mzee wangu mstaafu wa mabasi anakaa pembeni yake kutoka Ubungo mpaka Kibaha, mzee akishuka ananiambia neno moja tu, chukua au acha. Mpishi anapika, basi.

Niwape mfano mmoja. Mteja alitaka mtunza stoo wa ghala lililopo Barabara ya Nyerere. Nilikuwa na kijana mwenye CV ya kurasa nne, digirii, kozi fupi tano, Kiingereza kimenyooka. Na nilikuwa na dada mmoja wa Mbagala, form four, karatasi moja ameandika kwa kalamu. Wote wawili nikawapa kadi za stoo 30 na mzigo wenyewe umepangwa chini, nikawaambia hesabuni muone kama kadi zinasema ukweli. Kijana alikaa saa nzima akanirudishia akasema ziko sawa. Yule dada dakika 20 hazijafika ameniita, akaniambia kadi ya 12 na ya 19 mtu kafuta namba akaandika juu yake, na kwenye hii 19 upungufu ni katoni sita. Mimi mwenyewe nilipanda kosa moja tu. Hilo la pili lilikuwa halisi, sikulijua. Mteja alikataa mwanzoni, anataka mwenye digirii, nimebishana nae siku tatu, mpaka nikamwambia mpe miezi mitatu asipofaa usinilipe. Yule dada yupo pale mwaka wa pili huu.

Na hapa kuna hela ambayo wengi tunaiacha mezani. Yule mteja mwenye CV 600, badala ya kulia kwamba katuzunguka, mwambie chuja mwenyewe ubaki na kumi, hao kumi niletee niwahakiki na niwafanyie majaribio, unanilipa kwa kichwa. Mimi nimeanza hivyo na sasa hivi wateja wangu wapya karibu wote wanaingilia mlango huo, wakishaniamini ndo wananipa na kazi ya kutafuta.

Na mteja atalipa, kwa sababu kukosea kuchagua mtu sasa hivi ni gharama kubwa. Kima cha chini cha mshahara cha sekta binafsi kimepanda kuanzia Januari 2026, kwa wastani kimetoka shilingi 275,060 kwenda 358,322, ni asilimia 33.4. Mimi naona ni sawa kabisa, laki mbili na sabini kwa Dar hii mtu alikuwa anaishije? Lakini fikiria upande wa mwajiri mdogo. Chukua mtu wa mshahara wa 600,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sehemu ya mwajiri asilimia 10, hiyo 60,000. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ilishushwa ikafika asilimia 3.5 mwaka 2023, kwa hesabu hiyo mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea anatoa 21,000. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nusu asilimia, 3,000. Umefika 684,000 kwa mwezi kabla hujanunua hata kiti cha kumkalisha. Ukikosea kumchagua ukakaa nae miezi mitatu umemwaga 2,052,000 na kazi haijafanyika. Nendeni na hii hesabu kwa wateja wenu, iandikeni kwenye karatasi muwawekee mezani, msianze na maneno ya sisi ni kampuni bora yenye uzoefu. Onesheni hiyo milioni mbili alafu semeni ada yenu ni kiasi gani.

Tuje kwenye soko lenyewe linaelekea wapi, maana ndo mlichoniitia.

Miaka hii ya karibuni nchi yetu ilikuwa inajenga kila kona kwa wakati mmoja. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, limekamilika 2025. Daraja la Kigongo Busisi, kilometa tatu juu ya Ziwa Victoria, limefunguliwa Juni 2025. SGR, treni ya reli mpya, inapeleka watu Dodoma tangu 2024. Bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilometa 1,443 na 1,147 ziko upande wetu, linaelekea ukingoni. Kama wananchi tunafurahi na tuna haki ya kufurahi. Lakini wewe wakala ulishajiuliza waliochomelea, waliosuka nondo, waliofunga majukwaa ya kupandia mafundi, maopareta wa ekskaveta na kreni, mafundi umeme wa viwandani, leo wako wapi?

Mimi nimewatafuta. Wako Buza, wako Chalinze, wako Misungwi, wengi wanaendesha bodaboda. Kuna mmoja wa Buza amechomelea mabomba miaka minne, amepasi testi ya 6G, ile ya bomba limeinamishwa unalizunguka pande zote, mafundi wanaijua ilivyo ngumu. Nimemuuliza cheti kiko wapi, akaniambia kilibaki kwenye faili la kontrakta na kontrakta ameshaondoka. Mtu mwenye mikono ya namna hiyo anabeba abiria wa buku kutoka kituoni. Iliniuma sana, na nawaambia ukweli iliniuma kwa sababu wiki ile ile kuna kiwanda kilinipigia kinataka fundi wa kuchomelea chuma cha pua na nikawaambia sina.

Kwa ninavyoona hili ndo kundi kubwa la watu wenye ujuzi ambalo nchi hii imewahi kulizalisha kwa muda mfupi, limefundishwa kazini, limefundishwa usalama, linajua kuvaa helmeti na kujaza fomu ya kibali cha kazi ya juu, na hakuna mwenye orodha yake. LinkedIn hawapo. Kwenye email hawapo. Ukiweka tangazo Instagram hawalioni. Ni wakala tu wa kupanda gari akawafuata. Na njia ya vyeti ipo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanafanya urasimishaji wa ujuzi, fundi aliyejifunzia kazini anapimwa anapewa cheti, tuwapeleke, tukae na wateja tuwaambie huyu hana diploma lakini kapimwa. Migodi inahitaji watu hawa, Geita, North Mara, Bulyanhulu, na kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinawabana wawape kipaumbele watu wa hapa. Makandarasi wadogo wanaoifanyia kazi migodi nao hivyo hivyo, na hao ndo hawana ofisi kubwa za HR, hao ndo wateja wetu.

Kuna watu wanasema kesho ni ya kompyuta tu. Ripoti ya World Economic Forum ya Januari 2025 kuhusu kazi mpaka 2030 inasema ajira mpya milioni 170 duniani na zitakazopotea milioni 92. Lakini angalieni zipi zinaongezeka kwa idadi kubwa kabisa ya watu. Wafanyakazi wa mashambani, madereva wa kupeleka mizigo, wajenzi, wauzaji. Na zinazopungua ni keshia, mkata tiketi, karani wa ofisi. Sasa niambieni makabati yetu yamejaa CV za akina nani? Ya kwangu nusu yake ilikuwa makarani.

Kitu kingine ni mikataba mifupi. Zamani sheria yetu ya ajira ya 2004 ilikuwa inaruhusu mkataba wa muda maalum kwa wataalamu na mameneja, wengine wote ilikuwa shida, kwaiyo hoteli inataka wahudumu wa miezi minne ya msimu inawachukua kimya kimya kama deiwaka, hakuna karatasi, mtu akiungua jikoni hana pa kushika. Marekebisho yaliyopita bungeni mwanzoni mwa 2025 yamefungua hapo, kazi za msimu, kazi ikiongezeka ghafla, mradi wa muda, unaweza kumpa mkataba wa muda hata asiye mtaalamu. Hii ni kubwa kwetu. Korosho kule Mtwara na Lindi ina msimu, parachichi za Njombe zina msimu, Serengeti ina msimu, na mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu na Kenya na Uganda, Arusha wanajenga uwanja wa watu 30,000. Wahudumu, walinzi, madereva, wapishi, watafsiri wa Kifaransa na Kiarabu. Anayesubiri 2027 ifike ndo aanze kutafuta watafsiri amechelewa, mimi nimeshaanza kuorodhesha vijana waliokulia Kigoma wanaoongea Kifaransa kwa sababu ya ujirani na Burundi na Congo.

Ila kuna mtego hapo na wenye umri wangu mnaujua. 2014 zilitoka kanuni kwamba wakala ni wa kuunganisha, sio wa kuwa mwajiri wa mtu anayefanya kazi kwa mwingine. Kulikuwa na sababu. Tulikuwa na watu miaka sita benki, miaka minane kampuni ya simu, wanafanya kazi ile ile na mwenzao wa meza ya pili lakini mshahara nusu kwa sababu mkataba ni wa wakala. Sasa hivi mishahara imepanda naanza kusikia tena wateja wanasema dada chukua wewe hawa watu wawe wa kwako, sisi tutakulipa invoisi. Mimi nimekataa wawili mwaka huu. Mkataba mfupi uwe kati ya mwajiri na mfanyakazi, jina lake na la mwajiri, NSSF yake, nakala yake mkononi. Sisi tuuandae, tuusimamie, tulipwe kwa kuusimamia.

La mwisho ni zito kidogo kwangu.

Mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 181 wa mwaka 1997, ibara ya 7, unasema wakala binafsi hatamtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma ndo fomu, ndo medical, ndo sare, ndo hela ya kumshukuru meneja. Binti wa shangazi yangu, alikuwa fundi cherehani, aliahidiwa kazi ya hoteli Zanzibar na wakala mmoja hapa mjini, sitamtaja. Fomu 20,000. Vipimo 60,000. Sare 200,000. Akauza cherehani. Akapanda boti, akafika pale hotelini, mlinzi getini akamwambia hatulijui hilo jina la wakala na hatuajiri. Alilala mtaa wa Darajani kwa mtu asiyemjua, akarudi kesho yake. Leo anashona kwa cherehani ya mtu mwingine analipwa kwa nguo. Na shangazi, ambaye anajua mi nafanya kazi gani, aliniuliza mbele ya watu, mwanangu na nyie ndo mnafanya hivi? Sikuwa na cha kumjibu zaidi ya kusema sisi hatufanyi, na niliona hakuniamini.

Na huyo alipotelea Zanzibar, karibu. Mabinti wetu wanaopelekwa Oman na Falme za Kiarabu kazi za ndani wanapotelea mbali zaidi. Human Rights Watch walitoa ripoti Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania huko, pasipoti kushikwa, mishahara kukatwa, kupigwa, masaa ya kazi hayana mwisho. Wengi safari ilianzia kwa wakala wa hapa hapa. Kuna waajiri wazuri huko na kuna waliorudi wakajenga, nawajua. Lakini kama unapeleka binti wa watu na huna namba ya mtu wa kumfikia siku akinyang'anywa simu, usimpeleke.

Sasa nimalizie na kazi. Kuna karatasi iko kwa kijana wangu pale mlangoni, ni mafundi 23, kuchomelea 14 na wafunga majukwaa tisa, wote wametoka kwenye miradi niliyoitaja, wote nimewapima na mtu wa VETA akiwepo, hakuna aliyetoa hata shilingi. Mwenye mteja achukue, tutagawana ada nusu kwa nusu. Wa kwanza kwenye orodha ni yule wa Buza mwenye 6G, yeye anaweza kuanza Jumatatu.